Loshoro ya Siku ya Ukoo

Kijenge, Arusha
4 Novemba 2023

Mama Abdiel,

Shikamoo.

Hunijui, na pengine ungependa ibaki hivyo. Naitwa Aikande. Nina miaka thelathini na moja, ni mpishi katika hoteli moja hapa mjini. Mama yangu alikuwa Maria, fundi cherehani aliyekuwa na kibanda chake hapa Kijenge, mzaliwa wa Machame. Alifariki mwezi wa nane. Wiki moja kabla hajafa aliniambia kwamba baba yangu hakufa kwa ajali ya lori kama alivyonidanganya tangu utoto. Alisema ni Mzee Kaanaeli wa Akheri, mumeo.

Nilipokuwa na miaka sita alikuja mwanamume mmoja kibandani kwa Mama akaweka jagi la plastiki mezani. Ndani kulikuwa na loshoro, mahindi na ndizi kwenye maziwa mgando. Alikaa akanitazama nikila mpaka mwisho, kisha akachukua jagi lake akaondoka. Mama alisema ni mteja. Tangu hapo nimepika vyakula vya wageni wa kila nchi, na ladha ile sijaikuta mahali popote.

Sitaki shamba, Mama. Sitaki kahawa wala migomba, na niko tayari kuandika hivyo mbele ya mchungaji wenu, ambaye ndiye aliyenieleza kuwa Mzee hawezi tena kusoma na barua zipitie kwako. Ninachotaka ni kimoja. Nataka anitambue kuwa mwanawe, watu wakiona, kabla Mungu hajamchukua na yeye.

Barua hii anakuletea Nosim, anayeteremka na maziwa kutoka kwenu kila Jumanne na Jumamosi. Atapokea na jibu, kama litakuwepo.

Wako,
Aikande


Akheri
11 Novemba 2023

Aikande,

Marahaba.

Nimefundisha maarifa ya nyumbani miaka thelathini na mbili, kwa hiyo utanisamehe nikianza na mwandiko wako. Unaegemea kushoto. Mama yako naye aliandika hivyo kwenye daftari lake la vipimo.

Umestuka? Namjua Maria. Mwaka tisini na mbili alinishonea gauni la kipaimara cha mwanangu Abdiel. Alinizungushia tepu kiunoni kwa mikono yake, akaniambia nimepungua, nile vizuri. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilimletea ndizi za mtori ili apate maziwa akijifungua, kwa sababu nilimhurumia kwamba hana mume. Gauni lilinikaa vizuri sana.

Barua yako nimemsomea Mzee mara mbili. Alipata kiharusi mwaka juzi, upande wa kulia hauna kazi na maneno yameondoka, ila kusikia anasikia vyote. Jicho la kushoto lilitoa machozi. Abdiel alikuwepo akaona, na baba yake akampigia meza mpaka akaelewa kwamba unatakiwa uje. Katika nyumba hii Mzee akishapiga meza hakuna mjadala.

Utakuja tarehe 27 Desemba, siku ya ukoo wetu. Siku hiyo kila mtoto wa Kaanaeli hutambulika mbele ya wazee hata bila maneno. Nitakuelekeza namna.

Nimeona pia jina ulilopewa. Ni la mama mkwe wangu. Mama yako hakuacha kitu.

Mama Abdiel

Simu usinipigie. Sikio la kushoto limekwenda na la kulia linachagua.


Kijenge
18 Novemba 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo.

Nimesoma habari ya gauni nikaona aibu hadi nikaiweka barua chini ya godoro. Mama hakuniambia hilo. Siwezi kumwombea radhi mtu aliyekwisha kufa, lakini kama inasaidia chochote, mimi nakuomba radhi kwa niaba yake. Umenijibu wakati ungeweza kuichoma barua yangu jikoni na mtu asijue.

Nimeomba ruhusa kazini kuanzia tarehe 24. Sasa nifundishe, Mama. Nije nimevaa nini, nikae wapi, nimsalimie nani kwanza? Nimelelewa mjini kwenye chumba kimoja na mwanamke ambaye hakutaka kusikia neno Akheri. Sijui chochote cha kwenu na naogopa kumwaibisha Baba mbele ya watu.

Na kama si kukutwisha mzigo, nifundishe loshoro. Nimewauliza wenzangu jikoni, kila mmoja ana yake. Nataka ya nyumba ile.

Ni mimi,
Aikande


Akheri
25 Novemba 2023

Aikande,

Nusu ya wake wa wanangu hawajawahi kuniuliza ulichouliza. Anneth ananunua mtindi wa pakiti. Nancy anasema mahindi yanamchosha mikono, na ana kucha za kubandika, kwa hiyo namwamini.

Sikiliza. Chukua mahindi meupe ya zamani kidogo, si mapya, mapya yanavurugika. Loweka kidogo, twanga kwenye kinu mpaka maganda yatoke, peta. Usiniambie umenunua yaliyokobolewa mashine, hayo hayana uvumilivu. Chemsha kwa moto mdogo mpaka ukibonyeza punje ipasuke bila kubishana. Ndizi ni mshare mbichi, unachemsha peke yake, unaponda kwa mwiko wakati bado ina moto. Changanya na mahindi. Halafu acha. Watu wengi wanaharibu hapo. Iache ipoe kabisa, hata ukiweka shavu lako kwenye sufuria usisikie joto, ndipo utie maziwa mgando. Chumvi hapana. Sukari ukitia nitajua.

Maziwa ndiyo siri, na siri yenyewe iko kwenye kibuyu. Kibuyu kikubwa cha nyumba hii alikuja nacho mama mkwe wangu alipoolewa, kina miaka zaidi ya sabini. Ndani kinasuguliwa kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa porini, majivu yanakung'utwa, kisha maziwa yanaingia. Hakijawahi kuona sabuni. Kibuyu kikishaingia sabuni kimekufa, harufu haitoki tena na maziwa hayaelewani nacho. Hicho hakitoki nyumbani. Wewe tafuta kidogo sokoni, ukifukize hivyo hivyo, Nosim atakuonyesha.

Sasa desturi. Watoto wa Kaanaeli hawaji siku ya ukoo mikono mitupu. Utapika loshoro sufuria kubwa, ya kutosha watu themanini, uje nayo imejaa mpaka mdomoni. Ukifika usisalimie mtu. Nenda moja kwa moja kwa Mzee, weka chombo miguuni pake, fungua mfuniko, piga magoti usubiri. Hayo ndiyo yote. Usimuulize Abdiel wala mtu mwingine. Wanaume hawayajui mambo ya jikoni watakuchanganya.

Vaa kitenge. Nywele zifunike.

Mama Abdiel


Kijenge
9 Desemba 2023

Mama,

Shikamoo. Nimeshindwa mara tatu, na nimefurahi mara zote tatu.

Ya kwanza sikuwa na subira, nilitia maziwa ikiwa vuguvugu, ikakatika ikawa maji na madonge. Ya pili ndizi zilikuwa zimeanza kuiva, ikawa kama uji wa mtoto. Ya tatu ilitoka vizuri kwa macho lakini mdomoni ilikuwa bubu. Nosim alionja akacheka, akasema kibuyu changu bado kinanuka soko. Tumekifukiza tena jana, nyumba nzima ikajaa moshi na mwenye nyumba akaja kuuliza kama naungua.

Kinu nimeazima kwa jirani. Viganja vimetoka malengelenge, kule hotelini wananicheka, mpishi anayejua kutengeneza keki ya ngazi nne anashindwa na mahindi. Sijali. Nikitwanga nawaza kwamba bibi aliyenipa jina alitwanga hivi hivi.

Sufuria nimenunua mpya, ile kubwa ya harusi. Je, Baba anasema chochote? Samahani, najua hasemi. Nauliza kama anaonyesha chochote ukinitaja.

Mwanao, kama utaniruhusu kuandika hivyo,
Aikande


Akheri
16 Desemba 2023

Aikande,

Ya tatu ilikuwa bubu kwa sababu maziwa yako yalikaa siku mbili. Yape nne. Na ukimaliza kuchanganya funika kwa jani la mgomba, si mfuniko wa chuma, mpaka asubuhi. Mfuniko weka siku ya safari tu.

Mzee amechangamka kuliko nilivyomwona tangu augue. Kila jioni Abdiel anapotoka kazini Olmotonyi anapitia hapa, wanajifungia nyuma ya nyumba wawili, sijui wanafanya nini huko. Amenyolewa ndevu. Amekataa koti la zamani. Jana alinionyesha kalenda kwa kidole, nikamwambia ndiyo, atakuja.

Sahihi yako nimeiona.

Mama Abdiel


Kijenge
29 Desemba 2023

Mama,

Shikamoo.

Ulikuwepo, umeona kila kitu, kwa hiyo nakuuliza wewe. Nilikosea wapi?

Nilifanya kama ulivyoandika. Sikusalimia mtu. Nilipita katikati ya viti na ile sufuria, nikaiweka miguuni pake nikafungua. Baba alikuwa na kile kibuyu kikubwa mapajani. Alikuwa ameanza kukiinua kwa mkono wa kushoto, Mama, nimemwona kwa macho yangu, alikuwa anatabasamu kwa upande ule mmoja. Halafu akaitazama sufuria. Akakishusha kibuyu. Abdiel alimshika bega na yeye akageuza uso.

Halafu yule mzee mfupi, ndugu yake nafikiri, akasimama akanishukuru kwa niaba ya ukoo. Alisema, "Tunamshukuru mgeni wetu kutoka mjini." Nikapelekwa kwenye turubai la wageni, nikakaa karibu na mwenyekiti wa kijiji na watu wa kwaya. Waliniletea soda. Wewe ulikuwa unapita na sahani, hukunitazama.

Wakati naondoka msichana mmoja akaniletea sufuria yangu. Ilikuwa imeoshwa mpaka inang'aa, imefutwa kwa kitambaa kikavu.

Loshoro ilikuwa mbaya? Niambie tu, nitavumilia. Kama ilikuwa mbaya nitarudia hata mara mia.

Aikande


Akheri
6 Januari 2024

Bi. Aikande,

Loshoro ilikuwa nzuri. Haikubaki hata punje, na wazee walisema hawajala kama ile tangu mama mkwe wangu afariki. Katika mapishi sina kosa la kukutajia, na mimi si mtu wa kusifu ovyo.

Ukoo unakushukuru kwa kututembelea.

Agnela, Mama Abdiel


Olmotonyi
10 Februari 2024

Bi. Aikande,

Mimi ni Abdiel, mtoto wa kwanza wa Mzee Kaanaeli. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu namba yako sina, na Mama alisema nisikusumbue.

Baba alifariki tarehe 2, tukamzika tarehe 7 pale juu, kwenye migomba. Hukuitwa msibani. Nilitaka uitwe, Mama akauliza tutakutangaza kama nani, na jibu ulikwisha kutupa wewe mwenyewe mbele ya watu wote.

Nimekaa na jambo hili nikaona nisipoliandika litaniziba. Kama hukututaka ungesema kwenye barua. Hukulazimika kupanda hadi Akheri na sufuria la watu themanini. Kila mtu wa nyumba yetu, hata mtoto wa miaka minne, anajua kwamba siku ya ukoo mtoto wa nyumba huja na chombo kitupu. Kitupu kabisa. Anakinga, na Baba anamjazia kutoka kwenye kibuyu kikubwa, na hakuna haja ya kusema huyu ni wa nani. Anayekuja na chombo kilichojaa ni mgeni, au ni mtu aliyekuja kutuaga kwamba anakula kwake na hatuhitaji. Chombo chake kinapokelewa kwa shukrani, kinaoshwa, kinarudishwa kikavu. Cha mtoto hakioshwi.

Nikwambie kitu kimoja, halafu tumalize. Kibuyu kile kikijaa ni kizito hata kwangu. Baba hakuwa na mkono wa kulia, na wa kushoto ulikuwa dhaifu. Tangu barua yako ya kwanza tulikuwa tunakwenda nyuma ya nyumba kila jioni, tunakitia maji, anajifunza kumimina. Nilikuwa namshika kiwiko. Wiki za kwanza alijimwagia mpaka tukamvalisha koti la mvua, alikuwa anacheka kama mtoto. Alifanikiwa tarehe 22 Desemba. Alimimina bakuli zima bila kumwaga, akaninyooshea kidole kimoja kuelekea mjini.

Baada ya siku ya ukoo hakutaka tena mazoezi wala kula. Alikula loshoro yako tu, kijiko kimoja kimoja, siku tatu, mpaka ile tuliyomwekea ilipokwisha. Mpaka leo sielewi kwa nini.

Nilikuwa nimejizoeza kukuita dada. Nimeacha.

Abdiel


Kijenge
13 Februari 2024

Mama Abdiel,

Barua yako ya tarehe 25 Novemba ninayo mkononi. "Watoto wa Kaanaeli hawaji siku ya ukoo mikono mitupu." Ni mwandiko wako, umesimama wima, haujaegemea popote.

Amekufa akidhani nilikwenda kumkataa.

Ulimwona akikishusha kile kibuyu. Ulikuwa umesimama hatua tano. Ungeweza kusema neno moja. Miaka yote kabla ya hapo sikuwa na baba na niliishi, ungeniambia tu nisije. Kwa nini ulinifundisha?

Aikande


Akheri
24 Februari 2024

Bi. Aikande,

Unauliza, nitakujibu. Uongo niliosema ni mmoja tu, na nimechoka kuubeba.

Ulipoandika mara ya kwanza nilitaka kuichoma barua. Abdiel aliikuta mezani. Baada ya hapo kukuzuia isingewezekana, Mzee alikuwa amepiga meza. Kwa hiyo nilikuacha uje, ila uje kama mgeni. Nilikuwa nimempikia mtu yule miaka arobaini na nne. Miaka arobaini na nne natwanga, nafukiza, nafunika kwa jani, na sijawahi kumwona akitabasamu kama siku alipokuwa anasubiri mtu aliyekula loshoro mara moja kwenye jagi la plastiki. Jagi lile lilikuwa langu. Nililitafuta mwezi mzima.

Kukufundisha kupika vibaya kungekuwa rahisi. Sikuweza. Nimefundisha wasichana wengi na sijawahi kumpa hata mmoja kipimo cha uongo, na pia nilitaka aonje. Nilitaka aonje akute ni yenyewe, ya mama yake, halafu ajue kwamba aliyeipika amekuja kusema kwaheri. Hilo lilinipendeza. Kwamba angekufa nalo sikupanga, lakini sitakudanganya kuwa limeninyima usingizi.

Mwonyeshe Abdiel barua ile ukitaka. Baba yake umeshamchukua, mchukulie na mama.

Agnela


Akheri
23 Novemba 2024

Mwanangu Aikande,

Natumaini u mzima. Nasikia kutoka kwa Nosim kwamba umeacha hoteli na umefungua mgahawa wako mwenyewe hapo Kijenge, na Jumamosi watu wanapanga foleni kwa ajili ya loshoro. Hongera.

Utaona mwandiko wangu umebadilika. Ni viungo. Vidole vimejikunja tangu mvua za masika, mchi siwezi kuushika, kijinga cha moto siwezi. Mwezi uliopita Anneth na Nancy walijaribu loshoro ya kumpokea mchungaji mpya. Niliwaelekeza nikiwa nimekaa, hatua kwa hatua. Ilikatika. Wakarudia ikakatika tena. Mchungaji alikula kwa adabu. Abdiel, ambaye sasa ndiye mkubwa wa nyumba, alisukuma sahani, akasema kama siku ya ukoo ya mwaka huu haitakuwa na loshoro ya nyumba, ni afadhali isiwepo kabisa. Ndugu wa mzee wanataka shughuli ihamie kwao. Ikihama hairudi, Aikande. Miaka mia tumekusanyika kwenye uwanja ule.

Nimetafuta katika kichwa changu chote mtu mwingine anayeijua, na hakuna. Nilikufundisha wewe peke yako.

Kwa hiyo nimefanya jambo ambalo halijawahi kufanyika. Nimekutumia kibuyu kikubwa chenyewe. Nosim amekibeba mgongoni kama mtoto. Kimejaa maziwa, nimekijaza mimi kwa mikono hii mibovu. Unajua maana ya kujaziwa kutoka kibuyu kile. Tumia maziwa yake kupika, njoo nacho tarehe 27, na safari hii utakaa na mabinti wa nyumba, nitakutangaza kwa mdomo wangu.

Siombi radhi, sina mazoea nayo, na wewe usingeniamini. Ila ile barua ya mwaka jana ichome. Abdiel ni mtoto wangu na sina mwingine anayenisomea.

Mama yako,
Mama Abdiel


Kijenge
3 Desemba 2024

Bi. Agnela,

Nimepokea kibuyu, na Nosim nimemshukuru kwa niaba yako.

Nilikikumbatia muda mrefu kabla sijafungua. Kinanuka moshi ule ule wa jagi la plastiki, na nilipoweka pua mdomoni pake nikawa na miaka sita tena. Maziwa yalikuwa mazuri mno. Nimepika nayo loshoro, nikaita majirani wa Kijenge na mafundi cherehani wote waliomjua mama yangu, tukala mpaka ikaisha. Kila mmoja alikuja na chombo kitupu, nikamjazia mwenyewe.

Tarehe 27 sitakuja. Uliyemwita mwaka jana alikuwa mgeni na alifanya kazi yake vizuri. Anayeweza kunifanya mtoto amelala kwenye migomba yako, na mdomo wako hauwezi kumimina kitu.

Barua ya tarehe 25 Novemba sijaichoma. Abdiel sijamwonyesha na sitamwonyesha, kwa hiyo usihangaike kuvizia barua zake. Nakaa nayo tu. Kila akichelewa kuja kukusomea, utajiuliza kama amepitia Kijenge.

Kibuyu ninakirudisha kwa mkono wa Nosim. Nimeanza kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikarudia kwa sabuni ya maji, ile tuliyokuwa tukitumia hotelini kuondoa mafuta ya nguruwe kwenye masufuria. Nimesugua ndani kwa brashi ya chuma mpaka maji yakatoka meupe. Kilikuwa cha bibi niliyepewa jina lake. Nililia nikikiosha, lakini nilikiosha, mara tatu, nikakianika siku mbili juani, nikakifuta kwa kitambaa.

Tarehe 27 Abdiel atakiinua mbele ya ukoo. Akikuuliza kwa nini kinanuka sabuni, mwambie alikuwa nacho nani, na kwa nini ameona kinastahili kurudi kikavu.

Aikande wa Maria